Nzi wa Mzoga Si Mmoja, na Lugha Yetu Yapasa Kulijua Hilo

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi nchini Kenya akueleze habari za nzi, naye atakujibu bila kusita kwamba nzi ni mdudu mchafu, kwamba hueneza kipindupindu na kuhara, na kwamba dawa yake ni kufunika chakula na kunawa mikono. Jibu hilo ni sahihi, na litampa alama zake mtihanini. Hata hivyo ni nusu ya jibu, kwa kuwa linamzungumzia nzi mmoja tu, yule wa nyumbani, kana kwamba ndiye nzi pekee duniani. Mwulize mwanafunzi huyo huyo ni nzi gani hutangulia kufika penye mzoga wa mbuzi kule Lodwar, na iwapo ndiye yule yule atakayetangulia kule Limuru katika baridi ya Julai. Atababaika. Yamkini mwalimu wake naye atababaika vilevile.

Kubabaika huko hakutokani na uzembe. Kunatokana na mambo mawili yanayokwenda sanjari: kwanza, tumelidharau somo lenyewe kwa kuwa linanuka, pili, tumeridhika kulitwika neno moja, nzi, mzigo ambao haliwezi kuubeba. Gharama ya uzembe huo wa lugha hailipwi darasani pekee. Hulipwa malishoni, hulipwa hospitalini na hulipwa mahakamani.

Tuanze na lugha. Si kweli kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Mnyama aliyekufa pasi na kuchinjwa tunamwita kibudu, na nyama yake ni nyamafu. Mwili wa mnyama uliolala nyikani ni mzoga. Wa binadamu ni maiti, na ole wake atakayeyachanganya maneno hayo mawili mbele ya wafiwa. Harufu ya samaki ina jina lake, shombo, na harufu ya kitu kilichooza ina lake, uvundo. Tukija kwa wadudu, mtoto wa kipepeo ni kiwavi, wa mbu ni kiluwiluwi, wa nzi ni buu. Wale wanaouma nao wametengwa na wakapewa majina: mbung'o, chafuo, usubi. Lugha hutaja kwa umahususi kile ambacho wenye lugha wamelazimika kukikabili, na wazee wetu walilazimika kumjua mdudu anayeua ng'ombe na anayenyonya damu. Wasiouma waliwarundika pamoja, wakawaita nzi.

Zaidi ya hayo, hata maneno tuliyo nayo tumeyaacha yakavurugika. Kwa Mkenya wa kawaida leo, funza ni yule kidudu anayejichimbia kidoleni, ambaye kwingineko huitwa tekenya. Wakati huo huo kamusi humpa funza maana ya buu. Mwalimu akisema kwamba mzoga umejaa funza, nusu ya darasa huona miguu yenye vidonda na nusu nyingine huona kitu kingine kabisa. Ndiyo maana katika makala haya nitasema buu na mabuu, wala sitasema funza.

Sasa tuutazame mzoga wenyewe. Mbuzi akifa mchana kwenye joto, nzi wa kwanza huweza kufika katika muda wa dakika chache. Hawa si nzi wa nyumbani. Ni nzi wanene wenye kung'aa kama shaba au kama bati lililopakwa rangi ya kijani, wa jamii ambazo wataalamu huziita Lucilia na Chrysomya. Huvutwa na gesi zinazotoka mwilini, nyingine zikiwa za salfa, ambazo pua ya binadamu bado haijazing'amua. Jike hutaga mayai yake kwa mafungu penye unyevu na penye ulinzi: machoni, puani, kinywani na kwenye kidonda. Pamoja nao hufika nzi wa kijivu wenye mistari mgongoni, wa jamii ya Sarcophaga, ambao hawatagi mayai bali huweka vibuu vilivyokwisha kuanguliwa tumboni mwa mama yao. Hiyo peke yake ni tofauti kubwa, maana anayeweka buu hai amekwisha kumpiku kwa saa kadhaa yule anayetaga yai.

Buu hukua kwa kujivua ngozi mara mbili, yaani hupitia hatua tatu za ubuu. Akishiba huuacha mzoga, akajichimbia udongoni na kugeuka pupa, neno ambalo halina uhusiano na ile pupa tunayomlaumia mlafi. Baadaye hutoka nzi kamili. Katika joto la nyuzi 27 hivi, aina moja ya nzi wa kijani ijulikanayo kama Lucilia sericata huchukua takriban wiki 2 kutoka yai hadi nzi. Joto likishuka hadi nyuzi 15, safari hiyo hiyo huchukua zaidi ya mwezi mmoja. Mdudu ni yule yule, ila saa yake imepungua mwendo. Na mabuu yakishakuwa mengi, msongamano wao hutoa joto lao wenyewe, hata ndani ya mzoga mkawa na joto zaidi kuliko hewa iliyo nje.

Kwamba mabuu hutokana na mayai ya nzi ni jambo ambalo halikujulikana daima. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba nyama iliyooza huzaa mabuu yenyewe. Mwaka wa 1668 tabibu Mwitalia, Francesco Redi, alichapisha matokeo ya jaribio lililohitaji nyama, samaki na chupa tu. Chupa nyingine aliziacha wazi, nyingine akazifunga, na baadaye nyingine akazifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mabuu yalitokea pale tu nzi walipoweza kuifikia nyama. Kila mwalimu wa sayansi nchini ana uwezo wa kulirudia jaribio hilo kwa gharama ya samaki mmoja wa soko la jioni.

Mpaka hapa nimesema habari za mzoga mmoja mahali pamoja. Ubadilishe mahali, na hadithi yote hubadilika. Katika nyika kavu ya Turkana, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 35, ngozi ya mzoga hukauka upesi ikawa kama ngoma. Mabuu hujificha chini ya ngozi hiyo, wakila kwenye giza na unyevu uliosalia, na mpita njia akadhani mzoga umekauka tu. Katika nyanda za juu zenye baridi, nzi wa jamii ya Calliphora, wenye rangi ya samawati iliyokolea, huwa na nafasi ambayo hawana katika joto la mabondeni. Weka mzoga juani na mwingine kivulini: wa kijani hupenda jua, wa samawati hupenda kivuli. Ufukie mzoga udongoni, na wale wanene hushindwa kuufikia; lakini kuna vijinzi vidogo mno vinavyopenya katika nyufa za udongo na kuzaliana huko chini.

Pwani nako kuna kisa chake. Mmoja wa nzi wanaojulikana kwa kuvamia samaki wanaoanikwa katika nchi za joto ni Chrysomya megacephala, mwenye macho makubwa mekundu. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Alifika barani mwetu katika miaka ya 1970 kutoka upande wa Asia, akaenea. Muuza ng'onda anajua bila kufunzwa na mtu kwamba masika humletea hasara, kwa sababu samaki hachelewi kupata mabuu pale anapochelewa kukauka, na anajua kwamba chumvi ya kutosha humsaidia. Anachokosa ni jina la adui yake, na habari kwamba adui huyo ni mgeni.

Majini je? Hapa tuna mfano wetu wenyewe ambao dunia nzima imeusoma. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 kuhusu Mto Mara ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka wakati wa kuvuka, sawa na tani 1,100 hivi za mizoga. Sehemu laini za mizoga hiyo huisha katika wiki 2 hadi 10, lakini mifupa huchukua miaka 7 kuoza na kuurutubisha mto. Nzi hawezi kutaga chini ya maji. Hutumia ule upande tu unaoelea au uliokwama penye mwamba, na mengine huachiwa samaki, mamba na viumbe visivyoonekana kwa macho. Nyumbu aliyekufa mtoni na nyumbu aliyekufa mbugani, hatua chache tu kutoka ukingoni, ni mizoga miwili yenye historia mbili.

Kisha kuna majira. Vitabu vya Ulaya vitakuambia kuhusu nzi wa majira ya joto na nzi wa vuli na baridi. Sisi hatuna theluji, ila tuna masika, vuli, kiangazi na kipupwe, na kila moja ya majira hayo lina mkono wake katika jambo hili. Mvua kubwa huwazuia nzi kuruka, lakini unyevu wake huulainisha mzoga na kuwafaa mabuu waliokwisha kuanguliwa. Kiangazi huharakisha ukuaji, kisha kikizidi hukausha chakula kabla hakijaliwa. Kipupwe cha milimani hupunguza mwendo wa kila kitu. Wahenga waliotuachia maneno hayo manne ya majira walituachia, pasi na wao kujua, vichwa vya sura nne za kitabu cha wadudu ambacho bado hatujakiandika.

Msomaji ataniuliza: haya yote yana faida gani kwa mtu asiye na nia ya kuchunguza mizoga?

Faida ya kwanza ni haki. Huko Uchina, katika kitabu kilichoandikwa mwaka wa 1247, afisa Song Ci alisimulia jinsi mwuaji alivyotambuliwa baada ya wanakijiji kuamriwa waweke mundu zao chini: nzi walitua juu ya mundu mmoja tu, uliokuwa umebaki na chembe za damu. Mwaka wa 1935 huko Uskoti, mabuu ya nzi wa samawati yaliyokutwa kwenye mabaki ya wanawake wawili waliouawa yalisaidia kukadiria kuwa mabaki hayo yalikuwa yametupwa pale kwa siku 12 hadi 14, na mwuaji akahukumiwa. Nzi ni shahidi asiyehongeka. Lakini ni shahidi anayesema lugha ya mahali pake. Makadirio yaliyofanywa kwa nzi wa Uskoti hayawezi kuhamishwa hadi Garissa yakabaki kweli. Atakayetaka kumsikiliza shahidi huyu nchini Kenya hana budi kumjua nzi wa Kenya, katika joto la Kenya, katika majira ya Kenya.

Faida ya pili ni uhai. Ugonjwa wa kimeta huua ng'ombe, mbuzi, nyati na watu. Mwaka wa 2015 uliwaua nyati wengi katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Viini vyake hukaa udongoni kwa miaka mingi. Watafiti katika Mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, waligundua kwamba nzi wa jamii ya Chrysomya wakishakunywa majimaji ya mzoga wenye kimeta hutua kwenye vichaka vilivyo karibu, wakatapika na kunya juu ya majani, na wanyama wanaokula majani hayo, tandala hasa, wakaambukizwa. Mfugaji aliyeambiwa tu kwamba nzi ni mchafu hatafahamu kwa nini mbuzi wake wasilishwe vichakani karibu na kibudu. Aliyeelezwa njia yenyewe, kwa lugha anayoielewa, atafahamu mara moja, na pengine ataiacha nyamafu ambayo angeipeleka nyumbani.

Faida ya tatu ni kuiona nchi yetu inavyobadilika. Mvua zilikosekana msimu baada ya msimu kuanzia mwishoni mwa 2020. Ripoti ya serikali iliyotolewa Novemba 2022 ilihesabu ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia 381 waliokufa kwa ukame katika miezi michache, mbali na mifugo isiyohesabika ya wafugaji. Nani aliyeisafisha mizoga hiyo? Zamani tungesema tumbusi, ambao wengi wetu siku hizi huwaita tai, tukiwachanganya na ndege mwingine kabisa. Lakini tumbusi wamepungua vibaya, wengi wakiuawa kwa sumu inayotiwa kwenye mizoga kuwalenga simba na fisi. Utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba mizoga iliyokosa tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda kwisha, na wanyama walioizuru wakaongezeka. Mzoga unaokawia ni karamu inayorefushwa. Tumbusi wakitoweka, kazi huachiwa mabuu na bakteria, na sisi tutabaki tukilalamikia wingi wa nzi bila kujua kwamba tumelalamikia matokeo na kuliacha chanzo.

Nazijua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu ni rahisi: istilahi hazioti kama uyoga, huundwa. Kiswahili kilimchukua mbwa na mwitu kikaunda mbwamwitu. Kilimchukua bata kikaunda batamzinga na batabukini. Nini kinachotuzuia kuwaita nzi wote wanaong'aa, wale wa Lucilia, Chrysomya na Calliphora, nzimzoga. Kisha tukamwita wa kijani nzimzoga kijani na wa samawati nzimzoga samawati? Nini kinachotuzuia kumwita yule wa kijivu anayezaa mabuu hai nzinyama? Haya ni mapendekezo tu. Mwenye bora zaidi na ayatoe. Lakini mjadala uanze.

Wa pili atasema kwamba masomo ya sayansi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza kuanzia gredi ya nne, kwa hivyo kuyasema haya kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Kwangu hii ndiyo sababu hasa ya kuyasema. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mfugaji, muuza ng'onda, askari polisi wa kituo cha mbali na mlinzi wa mbuga hawazungumzi Kiingereza cha vitabu wanaposimama juu ya mzoga. Maarifa yasiyoweza kusemwa kwa lugha ya watu yatabaki kuwa mali ya mtihani, na mtihani ukiisha nayo huisha. Sisemi Kiingereza kiondolewe darasani. Nasema mwanafunzi atoke darasani akiwa na uwezo wa kumweleza nyanya yake alichojifunza.

Wa tatu atasema kwamba somo lenyewe linatia kinyaa. Naam, linatia. Lakini daktari hakimbii usaha. Wahenga walisema kwamba nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Walimtazama nzi kwa makini ya kutosha kumtolea methali. Hata tiba imefaidika kwa utazamaji huo: mwaka wa 2004 Marekani iliidhinisha mabuu ya nzi wa kijani, yaliyolelewa katika usafi wa maabara, yatumiwe kusafisha vidonda sugu, kwa kuwa yanakula nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Lakini yupo pia binamu yake wa Afrika, Chrysomya bezziana, ambaye mabuu yake hula nyama iliyo hai kwenye kidonda cha ng'ombe. Asiyewatofautisha wawili hao atamwogopa rafiki na kumpuuza adui.

Basi nawapa walimu wenzangu kazi nyepesi. Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi atende, wala asikariri tu. Achukueni kichwa cha samaki mbichi wa sokoni, mkiweke ndani ya mkebe wenye mchanga, na mkebe mkaufunika kwa wavu wa chuma ambao nzi atapenya ila paka hatapenya. Mkebe mmoja uwe juani, wa pili kivulini, wa tatu ufunikwe kwa kitambaa kama alivyofanya Redi. Uwekeni mbali na jikoni na madarasa, vaeni glavu, naweni kwa sabuni, na mwisho fukieni kila kitu. Msiguse kabisa mnyama aliyekufa kwa ugonjwa msioujua. Kila asubuhi na kila jioni wanafunzi waandike kwa Kiswahili: joto, mvua, rangi ya nzi, siku ya mayai, siku ya mabuu, siku walipotoka mkebeni na kujichimbia mchangani. Rudieni masika, rudieni kipupwe.

Shule moja Kitale, nyingine Lodwar na nyingine Lamu zikibadilishana daftari hizo, katika mwaka mmoja tutakuwa na kitu kisichopatikana katika kitabu chochote kilichoandikwa Ulaya. Na watoto walioziandika hawatasema tena kwamba nzi ni nzi. Watauliza: nzi gani, wapi, na majira gani?